Koltani, Bati na Mji wa Goma: Madini ya Vifaa vya Kielektroniki, 1976–2025

Historia ya tasnia ya kompyuta na simu kwa kawaida huandikwa kama historia ya maabara na viwanda vya Marekani, Japani na China, na wanaoiandika mara chache hupata haja ya kuutaja mji wa Goma, ulioko mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye ufuo wa kaskazini wa Ziwa Kivu, ukipakana na Gisenyi ya Rwanda. Hata hivyo, tangu mwisho wa karne ya 20 maamuzi ya wahandisi na watunga sheria wa nchi za mbali yamekuwa yakiufikia mji huo kwa sura ya bei, na bei hizo zimeyainua na kuyaangusha maisha ya watu wa Masisi na Walikale, wilaya za mkoa wa Kivu Kaskazini, pengine kuliko sera yoyote iliyotungwa Kinshasa.

Koltani ni jina la mkato la madini mawili, kolumbiti na tantaliti, ambayo hupatikana pamoja katika mawe meusi yaliyo mazito kuliko ukubwa wake. Tantaliti ndiyo inayotafutwa zaidi, kwa kuwa hutoa tantali, metali iliyotambuliwa na mkemia wa Sweden Anders Ekeberg mwaka 1802, ambayo kwa zaidi ya karne moja haikuwa na matumizi makubwa. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1950, pale maabara ya Bell nchini Marekani ilipoitumia kutengeneza kapasita ndogo ya kuandamana na transista. Kapasita ni kijisehemu cha sakiti kinachoweka chaji ya umeme kwa muda mfupi na kuiachia inapohitajika, hivyo umeme unaofika kwenye sehemu nyingine huwa tulivu. Unga wa tantali hushindiliwa na kuchomwa hadi chembe zake zishikamane huku zikibakiza matundu mengi madogo, kisha kila chembe huvikwa utando mwembamba wa oksidi usiopitisha umeme. Kwa njia hiyo eneo kubwa sana hukaa ndani ya kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Simu inayoingia mfukoni inadaiwa sehemu ya wembamba wake na matundu hayo.

Kivu haikuingia katika biashara hii kwa ajili ya koltani. Kampuni ya SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni ya madini yaliyoachwa na enzi ya ukoloni wa Ubelgiji, ilichimba hasa kasiteriti, yaani mawe ya bati, na koltani ilikuwa zao la pembeni. Baraza la Kimataifa la Bati, ambalo lilikuwa likinunua bati ili kulinda bei, liliishiwa fedha mwezi Oktoba 1985, bei ikaporomoka, na SOMINKI ikaanza kudhoofika hadi ikasambaratika katika vita vya miaka ya 1990. Mashimo yalibaki mikononi mwa wachimbaji wa sururu na beleshi. Mwaka 1998 kundi la waasi la RCD, lililoungwa mkono na Rwanda, liliifanya Goma makao yake makuu. Kwa hiyo, wakati dunia ilipoanza kuihitaji koltani kwa wingi, mji uliokuwa lango la madini hayo haukuwa chini ya serikali inayotambuliwa.

Mwaka 2000 unastahili kuangaliwa kwa makini. Makampuni ya simu na kompyuta, yakiamini kwamba mauzo yangeendelea kupanda bila kikomo, yaliagiza kapasita nyingi kuliko yalizohitaji, na mengine yaliagiza bidhaa ileile kwa watengenezaji zaidi ya mmoja ili yasikose. Sehemu kubwa ya tantali ya dunia ilitoka katika migodi ya kampuni ya Sons of Gwalia huko Australia, lakini ilikuwa imefungwa katika mikataba ya muda mrefu na wasafishaji wakubwa kama Cabot na H.C. Starck, hivyo aliyechelewa alilazimika kwenda kwenye soko la papo kwa papo, na soko hilo ndilo lililokuwa na mzigo wa Kivu. Bei ambayo mwanzoni mwa mwaka ilikuwa makumi machache ya dola kwa ratili ilivuka dola 300 kuelekea mwisho wake. Baadaye ilisemwa sana kwamba chanzo kilikuwa mashine ya michezo ya PlayStation 2, iliyoanza kuuzwa Japani mwezi Machi 2000. Maelezo hayo yanavutia, maana yanaweka mtoto anayecheza upande mmoja na mchimbaji upande wa pili, lakini yanamwondolea lawama mlanguzi na meneja wa ununuzi, ambao hofu yao ya kukosa mali ndiyo iliyosukuma bei.

Mjini Goma kontwari, yaani nyumba za biashara zinazonunua madini kutoka kwa wachuuzi na kuyasafirisha nje, ziliongezeka. Wakulima wa Masisi waliacha mashamba, vijana waliacha shule, na dola za Marekani zikaenea hadi vijiji ambavyo havikuwa na barabara. Novemba 2000 RCD iliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya pekee ya kusafirisha koltani, na rais wa kundi hilo, Adolphe Onusumba, alikiri hadharani kwamba madini hayo yaliwaingizia kiasi cha dola milioni moja kwa mwezi. Mapato hayo hayakudumu. Wanunuzi wa ng'ambo waligundua kwamba maghala yao yamejaa, wakaacha kununua, bei ikaanguka mwaka 2001, na ukiritimba wa SOMIGL ukafutwa mwaka huohuo. Kabla mji haujajipanga upya, tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ililipuka na lava ikapita katikati ya Goma hadi ziwani, ikifunika sehemu ya eneo la biashara na ya njia ya kurukia ndege.

Wimbi lililofuata lilikuwa la bati, na chanzo chake hakijulikani sana. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2002 lililoanza kutekelezwa tarehe 1 Julai 2006, ulizuia risasi katika vifaa vya umeme kwa sababu ya sumu yake. Lehemu, yaani mchanganyiko wa metali unaoyeyushwa ili kugandisha vijisehemu kwenye bodi ya sakiti, ilikuwa na bati na risasi. Risasi ilipoondolewa, nafasi yake ilijazwa hasa na bati zaidi. Sheria hiyo iliyotungwa kulinda udongo na maji ya Ulaya ilikuwa miongoni mwa sababu zilizopandisha bei ya bati, na kupanda huko kuliwavuta maelfu ya watu kwenda Bisie, mlima ulioko katikati ya msitu wa Walikale. Wabebaji walitembea msituni na magunia ya kilo 50 mgongoni hadi barabarani, na ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara hiyo huko Kilambo, zikapakia na kuruka hadi Goma.

Mwezi Julai 2010 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni yaliyoandikishwa katika masoko ya hisa kueleza kama bati, tantali, tangisteni na dhahabu yao ilitoka Kongo au nchi jirani. Wachimbaji waliiita sheria ya Obama. Mwezi Septemba Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu mbili na Maniema, na katazo hilo lilipoondolewa Machi 2011 wanunuzi wengi walikuwa wamekwisha kujitenga, kwani ilikuwa rahisi kwa kampuni kuikwepa Kongo yote kuliko kuchunguza shimo moja moja. Mwaka 2014 Intel ilitangaza vichakataji visivyo na madini ya vita, na mwaka huohuo wataalamu 70, baadhi yao Wakongo, walitia saini barua ya wazi wakieleza kwamba kampeni hizo zimewanyima wachimbaji riziki bila kuyanyang'anya makundi ya silaha nguvu zao.

Dawa iliyopendekezwa ilikuwa ufuatiliaji. Mpango wa ITSCI, uliobuniwa na jumuiya za wafanyabiashara wa bati na tantali, hufunga lebo ya plastiki yenye namba kwenye kila gunia, na namba hizo huandikwa daftarini kisha huingizwa katika hifadhidata ambayo mnunuzi wa mbali anaweza kuitazama. Udhaifu wake ni kwamba lebo hushuhudia gunia tu: mfuko ukiwa umefungwa vizuri, hifadhidata haiwezi kujua kilichotiwa ndani usiku uliotangulia. Shirika la Global Witness lilidai mwaka 2022 kwamba mpango huo ulisafisha madini ya magendo, na ITSCI ilikanusha. Gharama, hata hivyo, hazina ubishi wa namna hiyo, kwa kuwa ada za kila kilo hutozwa upande wa wauzaji na hatimaye humfikia mchimbaji katika bei anayolipwa.

Mwishoni mwa Aprili 2024 kundi la waasi la M23 liliiteka Rubaya, katika Masisi, ambako Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba hutoka kiasi cha asilimia 15 ya tantali ya dunia; wataalamu wake waliripoti kwamba kundi hilo lilikusanya kodi ya takriban dola 800,000 kwa mwezi na kwamba tani 120 au zaidi kila mwezi zilivushwa kwenda Rwanda. Goma yenyewe ilianguka mwishoni mwa Januari 2025. Mwezi Agosti mwaka huo Marekani iliiwekea vikwazo CDI, chama cha ushirika cha madini kilichotuhumiwa kuuza madini ya Rubaya, pamoja na makampuni mawili ya Hong Kong yaliyotuhumiwa kununua madini hayo. Katika miaka yote hiyo Kivu Kaskazini haikupata kiwanda hata kimoja cha kusafisha tantali.