Kamera ya Zamani na Stima ya Kibanda
Kwenye vibanda vya mafundi Kibera na Kawangware, kamera ya zamani ikiletwa hufunguliwa meza moja na redio na simu. Hapo ndipo pa kuangalia. Betri zake ni za volti 1.5 tu, lakini saketi ya flashi huupandisha umeme huo hadi karibu volti 300 na kuuhifadhi kwenye kapasita. Ukitoa betri, umeme ule hubaki. Fundi ajuaye huumaliza kwa rezista ya kiloomu 1 au 2, ameishika kwa koleo lenye mpira, kisha hupima kwa mita. Kugusisha bisibisi, kama wengi wafanyavyo, huruka cheche na kuharibu saketi.

Unga mweupe wa betri za alkalini hutolewa kwa pamba yenye siki kidogo, pakauke kabisa. Chaja iliyoandikwa volti 110 pekee, usiichomeke kwenye 240 zetu, itaungua.

Zito zaidi ni stima yenyewe. Mitaa hiyo imezoea umeme wa sambaza, nyaya zimesokotwa kwa mkono na kufungwa nailoni. Kiungo kilicholegea hupata moto, na nyumba za mabati na mbao zimebanana. Tumia kiunganishi cha plastiki chenye skurubu, shaba isichungulie nje. Waya wa kijani na njano ni wa ardhini, usikatwe. Fyuzi ya plagi ya chaja ndogo ni ampea 3. Si 13, wala si msumari! Na kabla ya kugusa kiungo chochote, zima swichi kuu. Kwenye sambaza swichi hiyo aghalabu haipo, ndiyo maana fundi mwenye akili hatii mkono humo.