Madai Mawili Juu ya Malisho ya Nevada

Takriban asilimia 80 ya ardhi ya jimbo la Nevada, Marekani, ni mali ya serikali ya shirikisho. Mwenye ranchi huko huwa na hati ya kipande kidogo tu, penye nyumba, mazizi na maji. Malisho yenyewe, maelfu ya ekari za vichaka vikavu, huyatumia kwa kibali na kwa ada, ambayo mwaka 2014 ilikuwa dola 1.35 kwa mwezi kwa ng'ombe na ndama wake. Familia mbili zilikataa kuilipa, kila moja kwa sababu iliyotoka katika mapokeo yake.

Cliven Bundy wa Bunkerville aliacha kulipa mwaka 1993, serikali ilipobana malisho ili kumlinda kobe wa jangwani. Anasimama juu ya mapokeo ya walowezi: aliyetangulia kufika, akafukua maji na kujenga uzio, amejipatia haki kwa jasho lake. Mapokeo hayo yana uzito. Sheria ya maji ya Nevada yenyewe humpa kipaumbele aliyeanza kuyatumia, na kibali cha malisho huongeza bei ya ranchi inapouzwa, hata mfugaji akakiona kuwa ni urithi wa wanawe. Lakini Sheria ya Taylor ya 1934, iliyoanzisha vibali hivyo, ilitamka kwamba kibali hakizai umiliki. Bundy hujibu kwamba ardhi ni ya jimbo, si ya Washington. Hapo katiba ya jimbo analolitetea inampinga: tangu 1864, watu wa Nevada waliachilia milele madai yao juu ya ardhi ya umma ambayo haijagawiwa.

Huko Crescent Valley, dada wawili wa kabila la Washoshone wa Magharibi, Mary na Carrie Dann, walikuwa wameacha kulipa tangu 1973. Wao hawakuhesabu visima wala uzio. Kwao ardhi ni mama, na mama hauzwi; na kwa lugha ya mahakama walisema hakuna aliyewahi kuinunua. Mkataba wa Ruby Valley wa 1863 uliwaruhusu Wamarekani kupita, kujenga reli, kuchimba madini na kuweka ranchi, lakini hauna kifungu kinachowakabidhi ardhi. Tume ya serikali iliyoshughulikia madai ya wenyeji iliamua kwamba haki yao ilitoweka polepole walowezi walipozidi kuingia, ikakadiria fidia ya dola milioni 26 kwa bei ya mwaka 1872. Washoshone waliikataa. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema wameshalipwa, kwa kuwa fedha ziliwekwa hazina kwa jina lao, na serikali hiyo hiyo ndiyo mdhamini wao. Mdaiwa alijilipa mwenyewe, kisha akatangaza deni limekwisha. Sijui mapokeo yoyote ya haki, ya mlowezi au ya mwenyeji, yanayoweza kuukubali ununuzi wa namna hiyo.

Septemba 2002, maafisa wa shirikisho walikamata zaidi ya ng'ombe 200 wa akina Dann. Desemba hiyo hiyo, Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliona kwamba Marekani imekiuka haki yao ya mali na ya usawa mbele ya sheria. Mwaka uliofuata farasi wao nao wakakusanywa. Kwa Bundy mambo yalikwenda kinyume. Tarehe 12 Aprili 2014, wafuasi wake wenye bunduki walikabiliana na maafisa, na ng'ombe waliokuwa wamekamatwa wakaachiliwa. Mwaka 2018 kesi aliyofunguliwa kwa makabiliano hayo ilifutwa kwa sababu waendesha mashtaka walificha ushahidi.

Mary alifariki mwaka 2005, Carrie mwaka 2021. Kati ya madai haya mawili, lao ndilo lenye mkataba nyuma yake. Bunge la Marekani likitaka kumaliza ugomvi wa malisho ya Magharibi, lianze na mkataba ule wa 1863, likae na Washoshone kabla ya kukaa na mfugaji mwingine yeyote.