Avoka na Barua ya Mufungwa

Kamalondo ni komini ndogo kupita zote za Lubumbashi. Watu wanajuana: mutu akifungwa jioni, asubuhi mutaa wote unajua. Ndipo jamaa zake wanatafuta wa kuwapelekea neno ku boloko: avoka, katekista au padri. Nani anaweza kubeba barua ya mufungwa, na barua ya namna gani? Kusudi tujibu vema, tukumbuke kwanza mambo ya kale, maana moja lilipita hapa mujini mwetu.

Tarehe 3 Oktoba 1921, mu Thysville, baraza la waaskari lilimuhukumu Simon Kimbangu kufa. Hakuwa na avoka, wala hakupewa njia ya kupeleka neno lake mbele ya baraza la juu. Mufalme Albert aligeuza hukumu ile kuwa kifungo cha maisha. Wakamuleta Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mbali na kwao Nkamba zaidi ya kilometa 1,500. Muke wake, Marie Muilu, alibaki kule. Kimbangu alikaa kifungoni miaka 30, akafa tarehe 12 Oktoba 1951. Tusifiche: wamisionari Wakatoliki wa Kongo ya Chini walikuwa kati ya wale waliotaka serikali imuzuie. Lakini kukataa mafundisho ya mutu ni jambo moja. Kumunyima mutetezi ni jambo lingine kabisa. Mwaka 2011 Baraza Kuu la Waaskari la Kongo lilifuta hukumu ile. Mwenyewe alikuwa kaburini tangu miaka 60.

Mu Kenya mambo yalikuwa mengine. Mwisho wa mwaka 1952 Jomo Kenyatta na wenzake watano walisimama mbele ya mwamuzi. Wao walikuwa na maavoka, na mukubwa wao D. N. Pritt, Mwingereza. Lakini serikali iliweka baraza mu Kapenguria, pahali pa mbali, na maavoka walilala Kitale, wakienda na kurudi. Pritt alipopeleka telegramu London kulalamika, alishitakiwa yeye mwenyewe kwamba amedharau baraza. Waamuzi wa Nairobi wakamwachilia. Basi tunaona: haitoshi mufungwa awe na avoka kwa jina tu. Inafaa waweze kuonana, kuandikiana, na kusema bila woga.

Sheria za leo zimeshika fundisho hilo. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inasema katika kifungu cha 18 kwamba aliyekamatwa apewe mara moja njia ya kusema na jamaa yake au mutetezi wake. Kifungu cha 31 kinalinda siri ya barua. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, zinazoitwa kwa jina la Mandela, zinaagiza kwamba mulinzi anaweza kuwatazama mufungwa na avoka wake, lakini asisikie maneno yao, wala barua zao zisizuiwe.

Siri hii si mali ya avoka. Ni ya mufungwa, na ni kwa ajili ya kesi yake tu. Avoka akificha kati ya makaratasi ya kesi barua ya kutisha shahidi, ao feza ya kuhonga, amevunja mulango ambao wengine waliujenga kwa taabu. Kesho mukubwa wa boloko atafungua makaratasi yote, na atakayeumia ni masikini asiye na kosa. Mutakatifu Alfonso wa Liguori, aliyekuwa avoka mu Napoli mbele ya kuwa padri, aliwakataza maavoka kutetea kwa njia zisizo halali, hata kama kesi ni ya haki.

Na sisi je? Padri na katekista wanaingia boloko kwa ajili ya roho za watu. Tusibebe barua ya kuficha, hata mama akilia mbele yetu. Barua ya jamaa ipite wazi mbele ya mukubwa wa boloko. Lakini tusimurudishe mama yule mikono mitupu. Tumupeleke ku barreau, kwenye biro inayotoa shauri bila malipo kwa masikini, tena tumufuate mpaka avoka apatikane. Paulo alikuwa mufungwa alipomwandikia Filemoni juu ya Onesimo. Neno lake lilikuwa la kuombea mutu, wala halikuwa na kitu cha kufichwa.