Jeli ya Praha Iliyouzwa kwa Bei ya Chee

Januari 9, 1960 jarida la Uingereza la Nature lilichapa makala ya kurasa mbili kutoka Praha. Otto Wichterle na Drahoslav Lím walieleza polima ambayo minyororo yake imefungamana kama wavu: hunywa maji, huvimba, lakini haiyeyuki. Walikusudia itumike mwilini, si machoni pekee. Makala hiyo sasa imepita miaka 65, na dunia inaikumbuka kwa lenzi za kuvaa machoni tu.

Hata lenzi zenyewe nusura zife. Wizara ya afya ya Czechoslovakia ilikata tamaa nazo, utafiti ukasimamishwa. Wichterle akaihamishia kazi nyumbani. Krismasi ya 1961, kwa vyuma vya kuchezea watoto viitwavyo Merkur, dainamo ya baiskeli na transfoma ya kengele ya mlango, aliunda mashine ya kuzungusha vikombe vidogo vyenye kimiminika. Kani ya mzunguko ilikisambaza kimiminika kikaganda kwa umbo la lenzi. Zilitoka nne, laini, zikakaa vizuri jichoni. Mkewe Linda, daktari, akaingia kazini naye, na katika miezi minne ya mwanzo ya 1962 walitengeneza zaidi ya 5,000.

Kisha Akademia ya Sayansi ya nchi yake ikaiuzia kampuni ya Marekani haki za uvumbuzi huo bila kumshirikisha. Bausch & Lomb, kampuni nyingine ya huko, ilipata kibali cha kuuza lenzi hizo mwaka 1971, na faida kubwa ikabaki ng'ambo. Mvumbuzi alikuwa amekwisha kuvuliwa ukurugenzi wa taasisi yake, kwa kuwa mwaka 1968 alitia saini ilani ya kudai mageuzi. Ilikuwa dhuluma iliyo wazi.

Jeli za ukoo huo zikaendelea na safari. Maabara ya wizara ya kilimo ya Marekani, mjini Peoria, ilitumia wanga wa mahindi kupata polima inayonywa maji mara mamia ya uzito wake. Jamaa zake ndio walio ndani ya nepi za leo.

Kinachoshika maji hushika dawa pia. Wodini, kipande cha jeli chenye miligramu 10 za dinoprostoni huachia dawa kidogo kidogo ili kuanzisha uchungu. Mkunga akitaka kuisitisha, huvuta utepe wake.

Huko Japani, mwaka 1973, kampuni ya Tanabe Seiyaku ilifungia bakteria ndani ya jeli ya poliakrilamidi wawe kichocheo cha kutengeneza asidi ya aspatiki. Malighafi hupita, bakteria hubaki, kazi huendelea. Mwaka 1978 ikahamia karaginani, jeli itokayo kwenye mwani.

Karaginani ya aina hiyo imo katika kotoni, mwani unaolimwa na wanawake wa Unguja na Pemba. Sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar huondoka ukiwa umekaushwa tu, na thamani huongezwa kwenye viwanda vya ng'ambo. Zanzibar inastahili zaidi ya hapo. Maji ya bahari yakipata joto, kotoni huoza, na wakulima wengi wamebaki na spinosamu, aina nyingine ya mwani, ambayo bei yake ni ya chini zaidi.