Habari za Kabete na Githunguri

Wanachama na wazee wetu, kila tunapozungumza habari za kusaidia chuo cha walimu, neno la kwanza husemwa juu ya majengo. Hatulaumu, kwani jengo huonekana. Hata hivyo twaona yafaa kukumbuka vyuo viwili vya nchi yetu kabla ya kufungua mfuko.

Mwaka 1907 bibi mmoja wa Philadelphia, Anna Jeanes, alitoa dola milioni moja kwa shule za mashambani za watu weusi wa kusini mwa Marekani. Mwaka 1908 Virginia Randolph, mwalimu mweusi, akawa wa kwanza katika kazi iliyolipiwa na fedha hizo: kuzizungukia shule za wilaya yake na kuwasaidia walimu wenzake palepale walipofundisha. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilifika Kenya, naye Dk. Aggrey wa Gold Coast, Ghana ya leo, alikuwa mjumbe wake. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete, kwa msaada wa fedha za Carnegie, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Bwana Dougall.

Waliochukuliwa Kabete walikuwa walimu tayari, nao walikuja na wake zao. Mke alifundishwa ulezi na utunzaji wa nyumba. Mume alifundishwa jinsi ya kuinua shule ya kijijini, pamoja na kilimo na afya. Baadaye alirudi kwao, akapewa kundi la shule ndogo za kuzungukia. Hapo ndipo ilipokuwa faida yenyewe: mwalimu wa kijijini, mwenye elimu haba, hakuachwa peke yake na ubao wake. Lakini wako wazee waliosema kwamba mafunzo haya yalikusudiwa kumfunga Mwafrika katika jembe asifikie elimu ya juu, wala hatuwezi kusema shaka yao haikuwa na msingi.

Shaka ya namna hiyo ilichangia kuzaliwa kwa shule za kujitegemea, nazo zilihitaji walimu. Bwana Mbiyu Koinange alirudi kutoka masomoni ng'ambo mwaka 1938, na mwaka 1939 Chuo cha Walimu cha Kenya kikafunguliwa Githunguri. Watu wenyewe walikichangia, kila rika likitoa fungu lake. Kiu ya elimu ilikuwa kubwa hata chuo kikajaa watoto wa masomo ya kawaida, na kazi ya kuwafunza walimu ikabanwa. Mwaka 1952, wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni ilikifunga. Kabete nayo iligeuzwa chuo cha utawala mwaka 1961.

Githunguri palikuwa na moyo wa kutoa, Kabete palikuwa na mwalimu wa kuzunguka. Havikukutana mahali pamoja. Basi ombi la chuo likiletwa mbele yetu, tutauliza kwanza: wahitimu wake watatembelewa na nani shuleni mwao, na nauli yake italipwa na nani?