Safu ya Lugha: Mwali wa ayoni haubatilishwi

Neno batili lilitujia kutoka Kiarabu, na kwetu linahusu kitu kilichopoteza nguvu ya kisheria: mkataba, ndoa, hati. Ukibatilisha mkataba, umekwisha. Kwa hiyo anayeandika kwamba mvuke wa sodiamu "unabatilisha" mwali wa ayoni, yaani atomu zenye chaji, anampotosha msomaji, kwa sababu mwali huo haufi. Katika maabara ya ISOLDE huko CERN, karibu na Geneva, ayoni zilizoharakishwa kwa makumi ya maelfu ya volti hupitishwa katika bomba fupi lenye sodiamu au potasiamu iliyopashwa moto hadi ikatoa mvuke. Atomu ya sodiamu huishikilia elektroni yake ya nje kwa ulegevu, eV 5.1 tu, na ayoni chanya ikipita karibu huipokonya. Ayoni hiyo inaendelea na safari kwa kasi karibu ileile, ila sasa ni atomu isiyo na chaji. Zilizobaki na chaji huvutwa pembeni kwa uga wa umeme.

Kuliita tendo hilo kuzimua nako hakufai: huko ni kupunguza ukali, kama kutia maji kwenye pombe, na hapa hakuna kinachopunguzwa ukali. Mimi nasema kuondoa chaji. Mtu atapinga kwamba ayoni imepokea elektroni, haikuondolewa kitu. Ni kweli imepokea, lakini chaji ni hesabu ya jumla: chanya moja na hasi moja huacha sifuri. Kilichoondoka ni chaji; mwali upo palepale.