Jina la Caz kinywani mwa Hank

Kuna mahali katika "Rapper's Delight" ambapo kila nikifika hurudisha nyuma nisikie tena. Big Bank Hank anajisifu, kama ilivyo ada ya wachanaji. Kisha analiendeleza jina lake, herufi moja moja, kwa kujiamini, kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa. Herufi anazozitaja zinaunda Casanova, na baada yake Fly. Hilo halikuwa jina lake. Hank alikuwa Henry Jackson. Casanova Fly alikuwa mtu mwingine, kijana wa Bronx, New York, aliyekuja kujulikana zaidi kama Grandmaster Caz.

Waliolelewa na tenzi wataelewa upesi kilichotokea. Mtunzi wetu wa zamani alipofika beti za mwisho alijitaja: jina, ukoo, pengine na mwaka, maana alijua utenzi wake utanakiliwa na mikono mingi na kughaniwa na watu asiowajua. Jina lililofungwa ndani ya vina si rahisi kuling'oa. Caz naye alikuwa amelifunga lake. Hank alipoazima mistari ile aliibeba pamoja na muhuri wa mwenyewe, akaingia nayo studio, dunia nzima ikausikia.

Njia ya kufika kwenye studio hiyo inaanzia Agosti 11, 1973, katika jengo la ghorofa namba 1520, Sedgwick Avenue, Bronx. Binti mmoja, Cindy Campbell, alitaka nguo mpya za kufungulia shule. Akaandaa sherehe kwenye chumba cha burudani cha jengo hilo, mialiko ikaandikwa kwa mkono kwenye vikadi, kiingilio senti 25 kwa wasichana na senti 50 kwa wavulana. Kaka yake Clive, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, ndiye aliyepiga santuri, kwa jina la DJ Kool Herc.

Herc alikuwa na jicho la mtu anayewatazama wachezaji. Aligundua kwamba wengi wao husubiri kipande kifupi tu cha wimbo, pale waimbaji wanaponyamaza na ngoma zikabaki peke yake. Hapo ndipo miili inapofunguka. Akaja na mbinu ya kutumia nakala mbili za santuri moja kwenye mashine mbili: kipande kikiisha huku, anakianzisha kule, kisha anarudi tena, hata zile sekunde chache zinageuka dakika kadhaa. Juu ya ngoma hizo rafiki yake Coke La Rock alishika maikrofoni akawasalimu watu kwa majina na kuwachangamsha.

Rap ilianza hivyo, maneno yakimtumikia mchezaji. Ndiyo maana siafikiani na wanaosema rap ya sherehe ni povu tu, na kwamba rap yenyewe ilianza pale ilipoanza kusimulia dhiki ya mitaa. Sherehe ya Cindy ilikuwa ya kutafutia nguo za shule. Dhiki ilikuwamo ukumbini tangu usiku wa kwanza. Watu walilipa senti zao ili waicheze.

Kwa miaka sita iliyofuata ufundi huo ulikaa kumbini, viwanjani na kwenye kaseti zilizonakiliwa mkono kwa mkono. Aliyeona kwamba unaweza kuuzwa dukani alikuwa Sylvia Robinson. Alikuwa mwimbaji aliyevuma mara mbili, mwaka 1957 akiwa na Mickey Baker kwa "Love Is Strange", na mwaka 1973 peke yake kwa "Pillow Talk". Mwaka 1979 kampuni ya santuri aliyoiendesha na mumewe Joe ilikuwa taabani kifedha. Siku moja akiwa kwenye sherehe katika ukumbi wa Harlem World, alimwona Lovebug Starski akiughania umati, na umati ukimwitikia. Akarudi nyumbani Englewood, New Jersey, ng'ambo ya Mto Hudson, akamtuma mwanawe atafute vijana wanaoweza kufanya vile.

Wa kwanza alipatikana kwenye duka la piza. Hank alifanya kazi hapo huku akisimamia mambo ya Caz na wenzake, na kaseti zao ndizo alizozipiga wakati wa kazi. Akafanyiwa majaribio ndani ya gari nje ya duka. Guy O'Brien, yaani Master Gee, na Michael Wright, yaani Wonder Mike, nao wakajitokeza, na Sylvia akawachukua wote watatu. Bronx haikuwajua, wala wao hawakuwa kundi kabla ya siku zile. Hank akamwendea Caz kuomba mistari, Caz akampa daftari achague.

Studioni hapakuwa na kompyuta ya kurudia mdundo. Bendi ya Positive Force ilipiga kwa mikono, kwa karibu robo saa, besi ya "Good Times", wimbo wa Chic uliokuwa kileleni Marekani mwezi Agosti mwaka huo. Septemba santuri ikatoka, dakika 14 na nusu, ikafika nafasi ya 36 Marekani na ya 3 Uingereza. Nile Rodgers na Bernard Edwards wa Chic waliposikia besi yao walitishia kwenda mahakamani, na majina yao yakaandikwa kama watunzi. Wao walikuwa na wanasheria. Caz alikuwa na daftari.

Albamu ya vijana hao watatu, iliyobeba jina la kundi lao, Sugarhill Gang, ilitoka mapema mwaka 1980. Ina nyimbo sita, na sitaficha kwamba ni kazi ya haraka: rap imechanganywa na soul na fanki kana kwamba kampuni bado haikuamini kuwa watu watasikiliza uchanaji santuri nzima. Lakini "Rapper's Reprise", ambapo vijana wale wanapokezana na The Sequence, wasichana watatu kutoka South Carolina, ina uchangamfu wa ukumbi halisi. Mmoja wa wasichana hao baadaye tulimjua kama Angie Stone. Na katika "Rapper's Delight", Wonder Mike anamsimulia mgeni aliyealikwa chakula kwa rafiki, chakula hakiliki, naye anahangaika asivunje adabu. Nani kwetu hajawahi kukaa kwenye mkeka huo? Kila nikisikia sehemu hiyo nawaona watu wakicheka huku wanacheza, na hicho ndicho santuri hii ilichofanikiwa kukihamisha kutoka Bronx.

Miaka miwili baadaye kampuni iliyoitoa albamu hiyo, Sugar Hill, ilitoa "The Message", wimbo unaosimulia dhiki ya mitaa, na masikio ya wakosoaji yakageukia huko. Sylvia alifariki mwaka 2011, Hank mwaka 2014. "Rapper's Delight" sasa imo katika orodha ya rekodi zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Caz ameeleza hadharani mara nyingi kwamba hakulipwa kwa mistari ile. Nadhani alidhulumiwa, na kwamba deni hilo lingeweza kulipwa wote wakiwa bado hai.

Kuazima kulifika na kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir wa Dar es Salaam aliuchukua mdundo wa "Ice Ice Baby" wa Vanilla Ice, ambao nao ulikuwa umechukua besi ya Queen na David Bowie, akaujaza Kiswahili. Maneno yalikuwa yake, na jina lake linatajwa hadi leo. Wengi wa rika lake waliochana kwenye madisko ya mchana na viwanja vya shule hawatajwi kabisa.

Kama una kaseti ya siku hizo kabatini, itoe. Muulize aliyekuwapo nani alitunga, nani alipiga, ulikuwa mwaka gani. Kisha yaandike kwenye kasha kwa wino, kabla mwenye kujua hajaondoka.